Intaneti Inayokatika Mchana

Mama Mapacha huamka kabla ya wote nyumbani. Huwaogesha mapacha wake, huwapa chai na huwasindikiza shule. Akirudi, huketi kwenye meza ndogo chumbani kwake. Hapo ndipo kazini kwake. Huvaa hedifoni, huwasha kompyuta, na huanza kupokea simu za watu wanaotafuta vyumba vya hoteli. Hoteli yenyewe hajawahi hata kuiona. Simu zote hupitia kwenye intaneti ya nyumbani.

Na hiyo intaneti ilikuwa imemchosha mpaka basi.

"Nataka chumba cha watu wawili, dada, ila kisiwe karibu na..." mteja husema. Halafu kimya. Mama Mapacha hubaki akiita "Haloo? Haloo?" peke yake kama mwehu. Mteja hupiga tena akiwa amefura, au hapigi tena kabisa.

Siku moja msimamizi wake alimwandikia ujumbe. "Simu zako zinakatika mno. Hali ikiendelea hivi mpaka mwisho wa wiki, zamu yako nitampa mwingine."

Mama Mapacha aliusoma mara mbili. Mume wake alikuwa amefariki. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye, mapacha na mama mkwe wake. Akaipigia kampuni ya intaneti, kama alivyokwisha kufanya mara nyingi.

"Zima kifaa, subiri kidogo, kisha washa," alisema dada wa huduma kwa wateja.

"Nimezima na kuwasha mpaka kidole kinauma."

"Basi labda kifurushi chako ni kidogo. Chukua kikubwa."

Mama Mapacha alikaribia kukubali. Mtu akichoka, hukubali lolote ili aachwe apumzike. Lakini mama mkwe wake alikuwa mlangoni, akikunja nguo.

"Usikubali kwanza," alisema. "Ngoja nimwite Shangazi Waya."

Shangazi Waya ni jirani yao. Alifanya kazi ya kuunganisha nyaya za simu mpaka alipostaafu, na jina likamganda. Alipofika hakutaka hata kuketi.

"Ruta iko wapi?" aliuliza. "Kile kisanduku chenye taa."

Mama Mapacha alionyesha kabati la vyombo sebuleni, kisha akatazama chini. Mama mkwe ndiye aliyeiweka humo siku ilipoletwa. Aliipanga nyuma ya sinia kubwa la bati, katikati ya vikombe vya wageni, akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Katika nyumba ile, kitu cha thamani lazima kivishwe kitambaa. Redio ilikuwa nacho. Cherehani ilikuwa nacho. Mama Mapacha alishashuku kwamba mahali pale hapafai, lakini nani angemwambia mama mkwe?

Shangazi Waya alifungua kabati, akaigusa ruta. "Mh. Ana homa huyu."

"Nimeikinga na vumbi," mama mkwe alisema kwa sauti ya kuudhika.

"Umefanya vizuri, dada yangu. Ila ruta hutoa mawimbi, kama redio. Bati linayazuia, hayafiki chumbani. Na kitambaa kinaifanya ipate joto. Ikipata joto sana, inajizima."

Mama mkwe alikitoa kitambaa kwa mkono wake. Akamgeukia mkwewe. "Ulijua?"

"Nilihisi, mama. Niliogopa kusema."

"Kwani mimi nang'ata?"

Waliiweka ruta juu ya rafu, mahali pa wazi. Asubuhi iliyofuata simu zilikwenda vizuri. Mama Mapacha akaanza kupumua. Mchana upepo ulivuma, na intaneti ikakatika tena. Alimfuata Shangazi Waya machozi yakimlengalenga.

"Matatizo yalikuwa mawili," alisema Shangazi Waya. "La kwetu tumeliondoa. Sasa tujue hili la pili ni la nani."

Alichukua waya mfupi, akaunganisha kompyuta moja kwa moja na ruta. "Ukitumia waya, mawimbi hayahusiki. Ikikatika hata hivi, na taa hii ya laini inayotoka nje ikawa nyekundu, tatizo liko nje ya nyumba. Hilo ni la kampuni."

Waliketi wakaitazama taa. Upepo ulipovuma kwa nguvu, taa ikawa nyekundu.

"Ipige picha," alisema Shangazi Waya. "Kisha wapigie simu. Usigombe na anayepokea, naye yuko kazini kama wewe. Mweleze ulichojaribu na ulichoona. Halafu usikate simu bila kupewa namba ya malalamiko yako."

Mama Mapacha alipiga.

"Zima kifaa, subiri..."

"Samahani dada, hilo nimefanya. Nimeunganisha kwa waya pia, bado inakatika. Taa ya laini inakuwa nyekundu upepo ukivuma. Picha ninayo. Naomba fundi aje aangalie waya wa nje. Na unipe namba ya malalamiko, tafadhali."

Yule dada aliacha kusoma maelekezo yake. Akamtajia namba, na siku ya fundi kuja.

Siku hiyo ilifika, fundi hakuonekana. Mama Mapacha hakulia wala kugomba. Alipiga tena, akataja namba yake. Kesho yake fundi alikuwa juu ya ngazi. Waya wa nje ulikuwa umechubuka kwa kusuguana na ukingo wa bati la paa. Akaweka waya mpya na kuufunga mbali na bati.

"Kifurushi kikubwa kingesaidia?" Mama Mapacha alimuuliza.

"Wapi. Kingepita kwenye waya huohuo mbovu."

Mwisho wa wiki ujumbe wa msimamizi ulifika. "Simu zako sasa ziko sawa. Endelea na zamu yako." Mama Mapacha aliusoma, akalaza kichwa mezani, akaanza kulia.

"Si umebaki kazini?" mama mkwe aliuliza. "Unalia nini tena?"

"Kila mtu aliniambia kosa ni langu, mama. Nikaamini."

Mama mkwe alimvua hedifoni taratibu, akazima kompyuta.

"Nenda ukalale," alisema. "Watoto nitawapokea mimi."