Bampa ya Duke

"Matawi yako kwa barabara," Akeyo alisema kwenye redio. "Anakuja."

"Namtaka akiwa hai," akajibu Oketch, mkubwa wake, kutoka Kericho. "Ni yeye pekee anajua stoo iko wapi."

Ndani ya stoo hiyo mlikuwa na bampa feki za magari arobaini ya shule, zimevushwa mpaka kimagendo. Nje plastiki inang'aa. Ndani, mahali pa chuma, kadibodi iliyopakwa rangi nyeusi. Shenzi kabisa! Zingefungwa leo, na saa tisa watoto wangepanda. Sasa ilikuwa saa nane.

Bampa moja kama hizo ilishamkatisha miguu Calvince, afisa mwenzake Akeyo. Akeyo alimchukia Duke, muuzaji wa bampa hizo, waziwazi, wala hakuficha.

Prado nyeusi ya Duke ikachomoka upande wa Roret.

Dereva yeyote wa huku akiona matawi juu ya lami anajua mbele kuna gari limekwama, anapunguza mwendo. Lakini wiki jana, kule Chepseon, Akeyo alimtega Duke kwa matawi ya uongo, naye alipopunguza mwendo akaponea chupuchupu kukamatwa. Mjanja huyo akaapa hadanganywi tena.

Akeyo alilijua hilo. Ndiyo maana leo matawi yalikuwa ya kweli.

Duke akakanyaga mafuta.

Nyuma ya kona, trela la majani chai lilikuwa limekatika ekseli tangu asubuhi. Wachumaji walishaondolewa.

Kishindo!

Akeyo alitembea taratibu hadi dirishani, bastola yake ya Glock mkononi. Dashibodi ilikuwa imemkalia Duke mapajani. Alilia kwamba gari lake lilikuwa na bampa orijino, imekuwaje? Akeyo akamweleza kwa upole kuwa juzi, alipoliacha gereji lipakwe rangi, alifungiwa bampa feki, mali yake mwenyewe.

"Madam, nitoe. Miguu siisikii."

"Stoo."

"Kaplong. Nyuma ya poshomili ya kusaga unga ya Nyaberi."

Akeyo akapeleka habari hiyo kwa redio, kisha akaegemea trela akisubiri. Duke alipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Baada ya dakika kumi Oketch akarudi hewani: polisi wa Kaplong wamewakamata mafundi, hakuna gari hata moja lililofungwa bampa hizo.

"Sasa niitie ambulensi," Duke akasihi.

"Nimeita. Ni ile ya Kaplong uliyoiuzia bampa mwezi jana." Akairudisha Glock kiunoni. "Nimemwambia dereva asipitishe kilomita thelathini kwa saa."

Akashika kijia cha katikati ya michai hadi kwenye Subaru yake, akawasha injini, akaenda zake.