Uzi wa Nne wa Besi la Jilala

Mwaka wa hamsini na saba, mjini Shinyanga, nyuma ya jineri ya pamba, kulikuwa na nyumba ambayo wenyewe walilala ukumbini na magitaa yakalala chumbani. Siongezi chumvi. Tuliokuwa tukipita pale kwenda kisimani tuliona kwa macho yetu: kitanda cha Bernadina kipo mlangoni kabisa, ukisukuma mlango unagonga mguu wa kitanda, na kule chumbani, yamefunikwa kanga zake mwenyewe, mabesi matatu yameegemea ukuta kama mabwana harusi walioachwa na gari.

Gitaa la solo mumewe, Marselino, hakulitaka hata la bure. Solo, alisema, ni kama jirani mmbea, linasikika kabla halijafika. Besi ni chumvi. Hulisikii mpaka likosekane. Kazi yake ilikuwa karani wa mizani pale jineri, na Jumamosi alipiga besi kwenye bendi ya dansi, lakini ugonjwa wake hasa ulikuwa kukusanya. Binti yao Klara walimpeleka kwa bibi yake Tinde kwa sababu pa kumlaza hapakuwapo. Watu walicheka. Bernadina hakucheka. Alikuwa amefika mahali ambapo mwanamke hana hata nguvu za kununa.

Kuyapanguza ilikuwa kazi yake, na kwa kupanguza alijifunza. Alijua, bila kupenda kujua, kwamba besi jema huchaguliwa kwa shingo kwanza. Unalishika kama bunduki, unafumba jicho moja, unaangalia kama shingo imenyooka kutoka kichwani hadi tumboni. Halafu unaligonga mgongoni kwa kifundo cha kidole: mti mbichi hujibu kwa sauti kavu, mti mzee hujibu taratibu. Usichukue lililopakwa vanishi mpya, inaficha mchwa. Usichukue lililopita mikono mingi. Lichukue lililopigwa na mtu mmoja, miaka mingi, mpaka jasho lake limeingia kwenye mti. Hilo limeshajua kazi.

Marselino akishaliweka chumbani, huipaka shingo mafuta ya karanga kwa dole gumba. Dole lenyewe lilikuwa na kovu la waya wa marobota, lililolikata kati kwa kati, hata alama yake kwenye mti ilikuwa na mstari katikati.

Basi zikaja habari kwamba upande wa Geita, kwenye mgodi mmoja mdogo, kuna mjane ana besi la nyuzi nne. Wakapanda lori. Bernadina alichukuliwa kwa sababu lazima awepo mtu wa kulipakata besi njia nzima wakati wa kurudi.

Mjane aliitwa Mbuke, mwanamke mrefu, wa maneno machache. Bernadina akampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akiendelea kupepeta mtama. Mumewe, Jilala, alikuwa fundi wa mbao mle mgodini, yaani yeye ndiye aliyesimamisha magogo ya kuzuia dari la handaki lisiwaangukie wenziwe. Miaka miwili iliyopita dari lilimwangukia yeye. Hawakuweza kumtoa. Handaki likafungwa na mtu wake ndani, na kule juu wakaendelea kupiga king'ora cha kubadilishana zamu kila siku saa tisa alasiri, kama kawaida.

Besi alilitengeneza mwenyewe, kwa mbao ya mninga iliyokuwa nguzo mle ndani kabla haijabadilishwa. Marselino aliposikia hivyo macho yalimtoka. Mti uliobeba mlima miaka sita! Akalishika kama bunduki, akafumba jicho. Akaligonga mgongoni.

Lilijibu taratibu sana. Bernadina, aliyekuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa akijikanda kiuno, aliona kama mlio haukutoka kwenye besi bali chini ya miguu yake.

Walipokwisha kukubaliana, Mbuke akafuta mikono, akashika kigingi cha uzi wa kwanza alegeze. Kwao ndivyo ilivyokuwa. Ngoma au zeze la fundi aliyekufa halitoki nyumbani mpaka limeambiwa. Mtu aliyekula naye chungu kimoja hulegeza nyuzi zote, hulitajia jina la mwenyewe, huliambia amekufa, lisije likaendelea kumngoja. Mbuke hakuwahi kuliambia. Hakuona maiti, na mtu ambaye hujamwona maiti unaanzaje kumtangaza? Lakini sasa alikuwa amechoka kungoja.

Marselino akamshika mkono, akamwita mama kwa Kisukuma. "Mayu, usilegeze. Ukizilegeza zote shingo itarudi nyuma. Shingo ikirudi nyuma, hili ni kuni."

"Na nani ataliambia?"

"Nitaliambia mimi nyumbani."

Mbuke akamtazama Bernadina, mwanamke kwa mwanamke. Bernadina alijua kabisa kwamba mumewe hataliambia kitu. Lakini lori lilikuwa linapiga honi na kiuno kinamuuma, naye akanyamaza. Kunyamaza kule kulimgharimu.

Siku ya kwanza hakuna kilichotokea. Ya pili vilevile. Ya tatu, Bernadina alipoenda kupanguza alikuta lile besi jipya lina vumbi. Shinyanga ni mji wa vumbi, nani atashangaa? Ila vumbi letu ni jekundu. Lile lilikuwa la kijivu, baridi, na ukilisugua kati ya vidole linameta. Mabesi mengine matatu karibu yake yalikuwa safi.

Akapanguza. Kesho yake lilikuwepo.

Marselino alikuwa na kawaida ya kurudi mchana, kula, na kulala kidogo mkekani mle chumbani, kando ya besi jipya, kabla ya kurudi mizani saa kumi. Wiki hiyo akaanza kuamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Akasema ni joto. Wiki ya pili akawa anakula ugali wa watu wawili na bado anakonda. Mikono yake ya kikarani, iliyokuwa laini kama ya mzazi mpya, ikaota sugu viganjani. Besi haliweki sugu viganjani. Linaweka kwenye ncha za vidole. Bernadina alilijua hilo kama alivyojua sala ya Baba Yetu uliye mbinguni.

Siku moja akaketi kwenye kizingiti amwangalie amelala. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha chini ya ghala, mji mzima kimya. Ilipofika saa tisa, besi likalia.

Mara moja. Uzi mnene, wa nne. Hakuna aliyeligusa.

Marselino, macho yamefumba, akaanza kupumua kama mtu anayebeba kitu. Mabega yakapanda, yakashuka. Jasho likamtoka, na jasho lilikuwa la kijivu. Midomo ikacheza. Bernadina akainama kusikiliza.

"Mbao," alinong'ona. "Lete mbao. Linashuka."

Haikuwa sauti yake.

Alipoamka, ngumi yake ya kulia ilikuwa imekaza. Bernadina akaifungua kidole kimoja kimoja. Ndani palikuwa na kipande cha jiwe, kimelowa maji.

Hapo majirani tukaanza kazi yetu. Philomena wa nyumba ya pili alisema wazi, mtu huyu kashachukuliwa msukule, mwili unalala hapa, kazi anaifanyia kwingine. Wengine wakamwambia Bernadina alichome moto hilo dude. Akamwomba mumewe walegeze nyuzi tu, waliambie, yaishe. Marselino alikuwa amebaki mifupa na macho, lakini akasema hapana. Shingo iliyonyooka namna ile haipatikani mara mbili. Alisema hivyo akiwa amelala, hana nguvu ya kuinua kichwa.

Bernadina akapanda lori peke yake.

Mbuke hakuuliza mengi. Alichukua mfuko wake na kanga ya kujifunika, wakaja. Walifika wakamkuta Marselino amekaa kitako mbele ya besi, amelikumbatia.

"Lete, mwanangu," Mbuke akamwambia.

"Tatu," Marselino akasema. "Legeza tatu. Wa nne uache, ushikilie shingo."

"Mtu hafi robo tatu."

"Tatu, mayu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Bernadina, aliyekuwa hajalala siku mbili, akasema basi, tatu ni bora kuliko kukosa hata mmoja. Akalisema mwenyewe, kwa kinywa chake. Mbuke akalegeza uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Zikalala kama mboga iliyonyauka. Akaweka mdomo kwenye tundu la besi, akasema taratibu, kwa Kisukuma, halafu kwa Kiswahili ili wenye nyumba wasikie.

"Jilala. Ni Mbuke. Umekufa, baba. Usisubiri zamu."

Ndani ya besi kitu kikashuka, kama mchanga.

Mbuke alilala usiku mmoja akaondoka. Pale mlangoni alisema kitu kimoja tu, kwamba ule uzi uliobaki ndio aliokuwa akiupiga Jilala ili kujibu king'ora, akiwa nyumbani siku za mapumziko, kwa utani. Kisha akaenda zake.

Siku tatu nyumba ilipumua. Vumbi hakuna. Marselino alikula uji, akamtania mkewe, akasema wiki ijayo watamfuata Klara, besi moja litakwenda kwa rafiki ili kitanda cha mtoto kipate nafasi. Bernadina alilia kidogo jikoni, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

Siku ya nne alikwenda kisimani baada ya chakula cha mchana. Foleni ilikuwa ndefu. Tulikuwa naye. Tulimpigia soga, akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze. Ndoo yake ilikuwa bado haijajaa alipoinua kichwa ghafla.

"Mmesikia?"

Hatukusikia kitu. Akaacha ndoo.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Aliita. Aligonga. Akaja Januari seremala, akauvunja kwa bega, mlango ukagonga mguu wa kitanda kama kawaida yake. Ukumbini hakuna mtu. Chumbani dirisha dogo lina nondo zake zote. Viatu vya Marselino viko chini ya kitanda, vyote viwili. Shati lake liko kwenye msumari.

Mkekani palikuwa na vumbi la kijivu, limelala umbo la mtu aliyejikunja ubavu. Katikati ya umbo, mkeka ulikuwa bado una joto.

Besi lilikuwa limesimama wima, halikuegemea ukuta. Nyuzi zote nne zilikuwa zimekaza.

Walimtafuta. Wenzake wa jineri walikwenda mpaka mtoni, mpaka stesheni, polisi wakaandika. Baada ya mwezi Mbuke alikuja, safari hii bila kuitwa. Walikaa na Bernadina kutwa nzima. Jioni Mbuke akanyoosha mkono kwenye kigingi, taratibu, kama mtu anayemwomba mgonjwa ruhusa. Kama akilegeza zote, alisema, na Bernadina akaliambia kwa kinywa chake kwamba Marselino amekufa, wote wawili wangepumzika kule chini.

Bernadina alimwangalia mwanamke yule aliyengoja miaka miwili. Akaelewa kwa nini alingoja.

"Sijamwona maiti," akasema.

Mbuke akautoa mkono. Hakumlaumu.

Mwaka uliofuata akaja mnunuzi kutoka Mwanza, mpiga muziki, kijana mwenye kofia, amesikia kuna mkusanyo. Klara alikuwa amesharudi nyumbani, na mabesi matatu yakanunuliwa, yakatolewa nje siku ileile, kumbe chumba kilikuwa kikubwa. Kijana akaliona la nne. Akalishika kama bunduki, akafumba jicho. Akapiga mluzi. Shingo imenyooka hiyo. Akapeleka mkono kwenye kigingi ajaribu kama kinazunguka.

"Usilegeze," Bernadina akasema. "Shingo itarudi nyuma."

"Kumbe mama unajua mambo haya."

"Nimechoka nayo, baba. Lakini najua. Hilo haliuzwi."

Kijana akalirudisha ukutani kwa heshima, akauliza tu ni nani anayelipiga siku hizi. Bernadina akasema hakuna. Tangu mwenyewe alipoondoka, hata chupa ya mafuta ya karanga ilishakauka, hajanunua nyingine.

Kijana akajiangalia vidole. Vilikuwa vinang'aa. Akavinusa, akasema ajabu, haya ni mafuta ya karanga, tena mabichi. Akaigeuza shingo kwenye mwanga wa dirisha ili mama naye aone. Chini ya vumbi la kijivu, mahali mpigaji anapokaza dole gumba, palikuwa na alama mbichi ya dole, na mstari umeikata kati kwa kati.

Ilikuwa saa tisa kasoro kidogo.