Mkono wa Mzee Boga

Mwaka wa 1956, Mwanaima wa Msambweni alikuwa uani akisuka makuti na binti yake Biasha. Biasha alikuwa amemaliza darasa la nne. Darasa la tano la wasichana halikuwako. Ami yake, nduguye marehemu baba, alikwisha kupokea posa, akasema, "Baraza la Wilaya likikataa tena darasa hilo, tunamwoza."

Mwanaima hakuogopa. Mjumbe wao barazani alikuwa Mzee Boga, mtu wa dini, asiyekosa matanga. Ndiye aliyemwombea dua marehemu mumewe. Na kila akipita husema, "Wanangu, nimewasemea."

Darasa likakataliwa. Biasha akaozwa. Ubao wake wa kuandikia ukabaki darini.

Siku moja akapita jirani yao Garama, karani wa baraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nambie, nani huyo adui anayelikataa darasa letu?"

Garama akainama. "Kumbe hujui? Ni Mzee Boga. Mwenyekiti husema, wanaokubali wainue mikono. Wake hauinuki. Mwaka wa tatu huu."

"Mwongo we! Mikono ile imemwombea mume wangu!"

"Dua ni dua, mama, na kura ni kura. Mjumbe humjui kwa kuja matangani. Kila kura tunaiandika kitabuni, jina kwa jina. Mtu yeyote wa wilaya aweza kuomba asomewe."

"Hata mwaka jana tungeweza kuomba?"

"Hata mwaka jana."

Mwanaima akakaa chini kwenye makuti. "Nasi hatukuuliza."

Mjumbe alipokuja kuhutubia, wanawake wakaomba kitabu kisomwe. Garama akasoma. Mzee Boga akakohoa.

"Msichana akijua kuandika sana, atawaandikia wanaume barua."

"Na asiyejua," akasema Mwanaima, "yake atasomewa na nani? Na wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanaima hakucheka.

Siku darasa lilipopigiwa kura tena, wanawake kumi walisimama kwenye madirisha ya baraza wakitazama. Mkono wa Mzee Boga ukainuka, polepole, kama wa mwenye baridi yabisi.

Darasa likafunguliwa. Biasha akaja, mjamzito, akaufuta ubao vumbi, akampa mdogo wake Mwanatumu.

"Mama," akasema, "mngeuliza mwaka jana."

 Tangu hapo Mwanaima hakukosa mkutano wa baraza hata mmoja. Husimama dirishani, akitazama mikono.