Mukhwana Alipotoka Mkutanoni

Ilikuwa siku ya soko Bungoma, karibu na stesheni ya reli, sketi ya kitenge ya Wacera iliponaswa kwenye spoki za baiskeli ya bodaboda. Alikuwa ametoka Kitale alfajiri kuhudhuria semina, ameshachelewa, na sasa amesimama kwa mguu mmoja katikati ya watu na matenga ya kuku, mwenye baiskeli akivuta huku, yeye akivuta kule.

"Usivute, madam. Utalalua," alisema mwanamume mrefu mwenye koti la kodrai lililochakaa viwikoni. Aliinama, akazungusha gurudumu kinyume polepole, kitambaa kikaachia.

"Ni utararua," Wacera alijibu. Aibu ilimfanya kuwa mkali.

"Haya, mwarimu," alisema, akigeuza l kuwa r kwa utani. "Na asante nitapewa lini?"

Wacera alicheka bila kupenda. Jina lake Mukhwana, fundi aliyefundisha useremala katika chuo cha ufundi pale mjini, na katibu wa chama cha maji cha kwao Bokoli. Naye alikuwa akienda semina hiyohiyo.

Walifundishwa jinsi mashirika yasiyo ya faida yanavyopaswa kuongozwa: kazi ya bodi ni ipi, mkurugenzi anapatikanaje, na kwa nini mjumbe mwenye maslahi katika jambo lazima aseme wazi na kutoka nje wenzake wanapoamua. Wacera alisikiliza kwa hamu. Alikuwa kaimu mkurugenzi wa Amka Kachibora, shirika lililowarudisha shuleni wasichana waliozaa mapema. Mwanzilishi wake, mzee Kiragu, alikuwa ameamua kila kitu peke yake hadi alipougua, na wafadhili walikuwa wameanza kurudi nyuma. Bila uongozi mpya, wasichana wale wangerudi nyumbani.

Bodi ilipoundwa upya, mwenyekiti wake, Phelista, muuguzi mstaafu, alitafuta watu wasiokuwa na undugu na Kiragu. Mukhwana akaombwa, akakubali. Akawa anakuja Kitale kwa mikutano, kisha akawa anakuja hata bila mkutano.

"Sasa, mwarimu," angesema kwenye simu. "Umekula?"

"Unanipigia kuuliza chakula?"

"Nakupigia kusikia sauti. Chakura ni kisingizio."

Walipendana wakificha. Wacera alishtuka kila simu ilipolia ofisini. Mbele ya bodi alimwita Bwana Mukhwana. Alitaka waseme, akaogopa kusema, akamwambia wangoje kidogo.

Kisha kazi ya mkurugenzi ikatangazwa. Wacera aliomba, pamoja na wengine wawili. Siku ya mahojiano alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyombana, akaketi kwenye korido akikunja na kukunjua leso. Alipokaribia kuitwa, mlango ulifunguliwa. Mukhwana alitoka, akampita bila kumtazama, akashuka ngazi.

Wacera aliingia, akajibu maswali yote. Baadaye Thuo, karani wa ofisi, alimnong'oneza. "Nilikuwa napeleka chai. Jina lako lilipotajwa, Mukhwana akasema ati hawezi kukujadili. Akatoka. Si ni rafiki yako huyo?"

Jioni Mukhwana alipiga simu. Wacera aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Hakupokea siku hiyo wala zilizofuata. Alizunguka chumba chake, akaanza kufua akaacha, akatoka kwenda sokoni akarudi mikono mitupu. Kama hakumwona anafaa, si angemwambia usoni?

Wiki ilipokwisha, Phelista alimwita, akampa mkono. Kazi ilikuwa yake. Wajumbe wote waliobaki walikubaliana.

"Na Mukhwana?" Wacera aliuliza.

"Mukhwana alisema hawezi kupima kazi ya mwanamke anayetaka kumuoa. Tukamshukuru, akatoka. Jana amejiuzulu kabisa." Phelista alimtazama. "Kwani hukujua, mwanangu?"

Wacera alifika Bungoma mchana uleule. Alimkuta karakanani peke yake, maranda ya mbao yamemjaa nyweleni, akipiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini.

"Bodi nzima inajua unataka kunioa," alisema mlangoni. "Mimi naambiwa na mwenyekiti."

Mukhwana aliweka randa chini. "Ningekaa pale, wangesema umepewa kazi na bwana. Nikasema ukweli wote. Nilitaka kukueleza, ukakataa simu."

"Kabla ya mkutano simu zilikuwa zimekufa?"

"Ulisema tungoje. Nikaogopa nikikuambia utanikataza, na mimi ningenyamaza." Alijifuta mikono kwenye koti. "Nilikosea kukupita pale. Ningekutazama, ningebaki."

"Na bodi umeiacha. Ulikuwa unaipenda."

"Nani atasimamia kazi ya mkewe?"

"Mkewe nani? Nimeulizwa na nani?"

Nje, wanafunzi walikuwa wakibishana juu ya mpira. Mukhwana alijikung'uta maranda, akamsogelea, akaanza kuuliza. Sauti ilimpotea katikati, akaanza upya, na Wacera hakumsaidia hata kwa neno moja. Alimwacha amalize.

Kisha akasema ndiyo, akavua viatu, akaketi kwenye benchi la seremala, kwa sababu miguu iliyomzungusha wiki nzima haikuweza tena.