Nilimtoa Amna kwenye Live ya Harusi

Jamani, nilimwona kwenye laptop kwa macho yangu... mwanamke kasimama kushoto kwa bibi harusi, na kamera ya mchumba wangu haimwachi!

Faridi, mchumba wangu, anarusha harusi live, Nachingwea mpaka Ruangwa wanamjua. Yeye anashika kamera, mimi nakaa chumba cha pembeni na laptop. Siku hiyo tulikuwa ukumbini Ruangwa, na huyo dada, Amna, asubuhi nilimkuta akinong'ona na Faridi wangu. Wanacheka!

Wivu ulinipanda.

Kabla hatujaanza kurusha, nikashika ukingo wa kushoto wa picha kwenye laptop, nikauburuta ndani. Amna akapotea. Nilifurahi, sitawadanganya.

Bibi harusi akashika maiki kumshukuru baba yake. Komenti zikaanza kumiminika, picha imekatwa. Nikawajibu ni mtandao wenu.

Faridi akaja mbio. Akakagua waya, akakagua kamera, akazima programu na kuiwasha upya. Bado imekatwa.

Simu ikaita kutoka Nachingwea. Kaka wa bibi harusi.

"Dada, baba anauliza Amna yuko wapi."

"Amna wa nini?"

"Mzee hasikii. Amna ndiye anamtafsiria kwa ishara. Mwanawe anaongea naye, na yeye anaona midomo tu."

Mzee Saburi, baba wa bibi harusi, alikuwa nyumbani na mguu uliovunjika, anatazama harusi ya binti yake kwenye simu. Kumbe asubuhi ile Faridi na Amna walikuwa wanapanga Amna asimame wapi!

Faridi akafungua vipimo vya picha. Kushoto pamekatwa: 420. Namba hiyo haijiandiki yenyewe.

"Ni wewe, Zulfa?"

"Ni mimi."

Akaweka sifuri. Amna akarudi. Faridi akaenda kumwomba bibi harusi arudie maneno yake, akawaambia watu kosa ni lake yeye. Binti akarudia, analia, na Amna anatafsiri huku naye analia.

Ikaingia komenti kutoka simu ya kaka mtu: "Baba anamwombea dua dada wa laptop kwa kurekebisha picha."

Faridi akaisoma, akanisogezea laptop.

"Mjibu mzee."

Wiki ya tatu hii, sijamjibu.

Wenzangu, ukimwona mtu wako na mwanamke, muulize. Swali moja tu asubuhi ile lingenitosha.