Donge la Uzi la Bibi

Kila jioni fundi saa alipofunga kibanda chake na kurudi nyumbani, alimkuta mkewe akifuma karibu na dirisha. Binti yao alikaa sakafuni, amepakata donge la uzi. Alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Na mama yake, kama ilivyo kawaida, akawa Mama Kidoti.

Donge lilikuwa kubwa kuliko kichwa cha mtu. Liliachwa na marehemu bibi, mama yake fundi saa. Bibi hakutupa uzi hata siku moja. Kila alipomaliza kufuma nguo, uzi uliobaki aliufunga kwenye donge lake, akauzungusha, basi. Kwa hiyo aliyelikunjua donge alirudi nyuma. Kwanza ulitoka uzi wa juzi, kisha wa zamani, kisha wa zamani zaidi.

Ukutani ilining'inia picha ya fundi saa akiwa mtoto mchanga, amevaa kofia ya kufuma. Bibi aliwahi kusema kwamba uzi wa kwanza wa donge ulikuwa mabaki ya kofia ile. Picha haikuwa na rangi, na bibi hakumwambia mtu kofia ilikuwa ya rangi gani.

Mama Kidoti aliipenda kazi hii ya kufuma kwa uzi wa donge hadi akawa anasahau chungu jikoni. Hakujua uzi gani ungetoka. Leo kijani cha sweta la kwanza la Kidoti, kesho bluu ya shali yake mwenyewe ya harusi. Alikuwa akicheka peke yake.

Siku moja Kidoti alilibonyeza donge kwa kidole.

"Ndani kabisa kuna njano," alisema.

Mama yake alimwuliza nani kamwambia.  Kidoti alikuwa anakitazama kiti cha bibi, ambacho hakikuwa na mtu.

Nusu ya donge ilitosha sweta la Kidoti, lenye mistari ya kila rangi. Mama Kidoti alilifua kwa maji ya moto, akalisugua, akalikamua kwa nguvu na kulianika juani. Lilipokauka, lilikuwa limebadilika. Mistari ya kifuani na ya shingoni ilikuwa imejibana. Mingine ilibaki vilevile. Fundi saa alisema ni kama mtu amelishika kwa mikono miwili. Alijaribu kulifanyia mzaha, mzaha ukamshinda.

Likafuliwa tena. Safari hii Kidoti alilivaa kwa taabu, kisha likagoma kutoka. Shingo ilimbana, akaanza kuhema. Baba yake, ambaye hushika skrubu ndogo kama punje ya mchanga bila kutikisika, aliudondosha mkasi mara mbili kabla ya kulikata. Aliyebaki mtulivu ni Kidoti peke yake. Alisema bibi alikuwa anamkumbatia tu.

"Donge lichomwe," fundi saa alisema. "Mama anautaka uzi wake. Auchukue, lakini mtoto simpi."

Mama Kidoti alilia. Alimpenda mama mkwe wake, na donge lile ndilo lililobaki la mikono yake. Akaomba asubiriwe hadi kesho. Asubuhi alimwita jirani aliyefuma sweta za shule, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano.

Mama Sindano aliipapasa mistari ya sweta huku amefumba macho. Aliuliza lilifuliwaje. Kisha akakata vipande vya uzi, akaomba kiberiti na bakuli la maji. Alishika uzi wa kwanza kwa koleo ndogo, akauwasha juu ya bakuli. Chumba kikajaa harufu, na fundi saa akasimama.

"Hizo ni nywele," alisema. "Nywele za mama yangu."

"Nywele ni kweli, lakini za kondoo, baba," Mama Sindano alijibu. "Hii ni sufu. Ukiichoma hunuka nywele, na majivu yake husagika."

Akawasha uzi wa pili. Huu uliyeyuka, ukawa kitone kigumu.

"Huu ni nailoni. Sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa, hujikunja na kuganda. Nailoni haifanyi hivyo. Ukizifuma pamoja, moja itavuta na nyingine haitavuta. Mama yako hamkabi mtu."

Fundi saa akaketi. Uso ulimlegea.

Mama Sindano aliwafundisha kutenga uzi: sufu upande wake, nailoni upande wake, na unene usipishane. Fuma kwanza kipande kidogo, ukifue, ukipime. Sufu ifuliwe kwa maji baridi na sabuni kidogo, ikandamizwe bila kukamuliwa, ilazwe kivulini. Mistari iliyoganda haikuweza kurudi, ikakatwa, ikawa vitambaa vya kushikia sufuria. Nailoni ilifumuliwa, ikawa sweta jipya la Kidoti. Sufu ya nusu ya donge iliyobaki ikawa blanketi.

Donge lilizidi kupungua. Siku lilipokwisha, fundi saa alikuwepo. Mama Kidoti alivuta uzi wa mwisho, mfupi, uliojikunjakunja. Ulikuwa wa njano.

 Fundi saa aliitazama picha ukutani, kisha akamtazama binti yake. Hakumwuliza alijuaje.

Alikata ncha ya uzi ule, akaichoma mwenyewe juu ya bakuli. Ikanuka nywele. "Sufu," alisema, na machozi yakamtoka. Akamwomba mkewe aufumie kwenye ukingo wa juu wa blanketi.

Baridi ilipoanza, Kidoti alijilaza chini ya blanketi lile, akavuta ukingo wenye uzi wa njano hadi shingoni, akalala. Baba yake alisimama pale muda mrefu. Hakuusogeza ukingo ule kutoka shingoni mwa binti yake.