Ng'ombe wa Baba Mdogo Walininyima Chuo

Nina miaka hamsini na miwili. Nauza dawa za mifugo mjini Bariadi, na yote ninayoyajua kuhusu dawa hizo nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu vya kununua mnadani. Chuo sikusoma. Wasomaji wenzangu, nawaandikia niwaeleze aliyenizuia. Bado yu hai, na bado ninamchukia.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoanza kulegeza biashara. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini, ushirika ulikuwa unayumba, na wazazi walikuwa wameambiwa sasa wachangie gharama za masomo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchaguliwa kwenda chuo cha mifugo. Kwetu, upande wa Sapiwi, tulikuwa na ng'ombe wawili tu wa kulimia, na pamba ya mwaka ule ilikuwa imeharibiwa na jua. Baba hakuweza kuchangia chochote.

Wilaya ilikuwa na msaada kwa watoto wa kaya maskini. Kata yetu ilipata nafasi moja. Nikaomba. Kamati ingepita kwa kila mwombaji ijionee hali ya nyumbani... Nani angetushinda kwa umaskini?

Mwombaji mwingine alikuwa Jilala, mtoto wa baba mdogo Luhende, mdogo wake baba.

Kwa msomaji asiye Msukuma, lazima nieleze jambo moja. Kwetu, mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote kwake. Huwagawa kwa ndugu na marafiki wamtunzie. Wao hupata maziwa na samadi, na siku moja huenda wakapata ndama. Anayetunza hamtaji mwenye mali. Kuna wezi, kuna husuda... Ukimtaja, hakuna atakayekuamini tena maishani mwako.

Siku chache kabla ya kamati kupita, baba mdogo alileta kwetu kundi lake lote. Alisema malisho ya kwake yamekwisha. Baba alifungua zizi bila kuuliza neno.

Kamati ilifika asubuhi, watu watatu, na baba mdogo nyuma yao kama ndugu wa kushuhudia. Walitusalimu mwangaluka, wakapewa viti. Mmoja akachungulia zizini, akaangua kicheko.

"Mzee, mwenye zizi hili anaomba msaada? Sisi tukaombe nini, majivu?"

Baba mdogo alicheka kuwashinda wote. "Kaka yangu Mungu amemjalia," akasema. "Na huyu binti naye ni kundi jingine linalokuja. Kwangu mimi, nendeni mkaone. Zizi ni tupu kabisa."

Nilimtazama baba, nikangoja aseme. Alikuwa anachora udongo kwa fimbo yake. Mama alikohoa jikoni, akakohoa tena. Baba hakuinua uso.

Nikasema mwenyewe kwamba ng'ombe wale si wetu. Mjumbe akauliza, ni wa nani basi? Kabla sijafungua kinywa baba akaniwahi.

"Nyamaza, Nkwimba. Walio zizini mwangu ni wangu."

Wajumbe walitazamana kama watu waliomfumania mtoto akidanganya. Wakaondoka kwenda kwa baba mdogo kuangalia zizi tupu.

Nafasi ya msaada alipewa Jilala.

Nililia, nikamuuliza baba kwa nini. Alinijibu kwamba mwenye ng'ombe ndiye wa kusema, na mwenye ng'ombe alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa anamngoja ndugu yake aseme! Hata yeye alikuwa anangoja...

Jilala alipokwisha kwenda chuoni, baba mdogo alikuja kuchukua kundi lake. Alituachia ndama mmoja mwenye kuchechemea, akasema hiyo ni asante. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akashukuru! Ndama yule alikufa kabla ya mvua, na nafasi yangu chuoni, kwa kukosa ada, akapewa mwingine.

Baba hakulitaja tena jambo lile hadi alipofariki. Msibani, baba mdogo alilia kwa sauti kutushinda sisi watoto. Nilitamani kumfukuza. Mama alinishika mkono.

Mwaka jana aliingia dukani kwangu. Ni mzee sasa, anajikongoja. Mjukuu wake alikuwa anaomba mkopo wa chuo kikuu, na mwenyekiti wa kijiji angepita kuona hali ya familia. Alizunguka sana, akasifu duka, akaulizia watoto, kisha akafika alikokuwa anakwenda: kwamba mimi nina eneo lenye uzio nje ya mji.

"Ni wachache tu, mwanangu. Kwa muda mfupi."

"Walete, baba mdogo," nikamwambia. "Nitawapokea, na nitawataja."

Akatoka bila kuaga.

Ndugu msomaji, ukikabidhiwa mali ya mtu, itunze. Lakini siku mtoto wako atakapohukumiwa kwa mali hiyo, usimngoje mwenye mali aone haya. Anayekuja na ng'ombe wake siku chache kabla ya kamati hana haya. Taja! Watu wakuseme wanavyotaka, lakini mwanao asome.

Baba yangu alimtunzia ndugu yake siri hadi kaburini. Ndugu yake hakumtunzia hata mtoto mmoja.